CASANOVA: Jamaa aliyemuuzia Mfalme mchezo wa namba 90

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo tuzungumzie namba. Ndiyo, namba hizi hizi tunazochagua kwenye simu, tunasubiri droo, halafu tunalala na njaa yetu.

Nianze na langu ili msiseme nawahubiria. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kukaa kwa mjomba wangu. Mjomba ana daftari. Kila droo ikichezeshwa anaandika namba zilizotoka, na ukurasa wa pili anaandika zile anazoziita "zilizochelewa". Imani yake ni kwamba namba ikikaa muda mrefu bila kutoka basi iko njiani inakuja. Mimi nikapewa kazi ya kujaza daftari maana nina mwandiko mzuri. Miezi ikapita, na mimi nikaanza kuamini. Mama alikuwa amenipa shilingi 60,000 nikajiandikishe kozi ya kompyuta. Wiki tatu tu zikaisha zote, na namba "zilizochelewa" nyingine mpaka leo sijaziona. Mama alijua siku wenzangu walipoanza masomo na mimi niko nyumbani nafagia uwanja.

Baada ya hapo nikajiuliza, hivi nani aliubuni huu mchezo, na hela zetu huwa zinakwenda wapi? Katika kusoma soma nikakutana na jina nililokuwa nalijua kwa mambo mengine kabisa: Giacomo Casanova. Mtaani ukiitwa Casanova maana yake unapenda sana wanawake. Kumbe huyu mtu ndiye mmoja wa walioipeleka bahati nasibu ya namba Ufaransa, kwa mfalme mwenyewe! Maisha yake ni shule. Twende taratibu.

MTOTO WA WAIGIZAJI

Casanova alizaliwa Venice tarehe 2 Aprili 1725. Wakati huo Venice ilikuwa nchi yake yenyewe, jamhuri ya matajiri, siyo sehemu ya Italia kama ilivyo sasa. Baba na mama yake wote walikuwa waigizaji. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka 8, na mama alikuwa mtu wa safari, akafuata kazi ya jukwaani nchi za mbali. Kijana akalelewa na bibi yake. Alikuwa mtoto mgonjwa mgonjwa, pua ikitoka damu kila mara, wengine wakidhani hatafika mbali.

Akiwa na miaka 9 alipelekwa mji wa Padua kusoma. Akili ilikuwepo, tena nyingi. Alisoma sheria chuo kikuu akiwa bado kijana mdogo. Lakini huko huko Padua ndipo alipojifunza kamari akaingia madeni, bibi akaenda kumrudisha nyumbani. Hapo nilicheka peke yangu, maana nilimkumbuka mama.

Kisha akajaribu kila kitu. Alianza njia ya upadri ikamshinda, akawa askari akachoka, akapiga fidla kwenye jumba la maonyesho kwa ujira mdogo. Mwaka 1746 bahati ikamwangukia. Usiku mmoja alikuwa na mzee mkubwa wa serikali anaitwa Bragadin, mzee akapatwa na ugonjwa wa ghafla ndani ya mtumbwi. Daktari akampaka dawa yenye zebaki kifuani, mzee akazidi kuzama. Casanova, ambaye hakuwa daktari, akaifuta ile dawa. Mzee akapona! Kuanzia siku hiyo akamchukua kama mwanawe.

Sasa sikilizeni hapa. Bragadin na rafiki zake walipenda mambo ya siri na uganga. Casanova alipoliona hilo akawaambia kwamba ana elimu ya namba: unaandika swali, linageuzwa namba, namba zinapigwa hesabu, jibu linatoka. Wazee wakaamini kabisa. Yeye mwenyewe alijua ni uongo, na aliandika hivyo uzeeni. Kwa miaka mingi aliishi kwa kuwauzia watu wenye hela namba zisizo na kitu ndani. Mmewahi kupokea ujumbe wa mtu anayeuza "namba za uhakika" za droo ya kesho? Basi babu yao ni huyu.

GEREZANI NA KUTOROKA

Maisha ya Casanova pale Venice yalikuwa kamari, wanawake, vitabu vilivyokatazwa na maneno mengi dhidi ya dini. Wapelelezi wa serikali wakamfuatilia. Julai 1755 akakamatwa akatupwa gereza la Piombi, vyumba vya juu kabisa ya jumba la serikali, chini ya paa la madini ya risasi. Kiangazi ni tanuri, baridi ni barafu. Alihukumiwa miaka mitano na wala hakuambiwa.

Akaokota kipande cha chuma, akakinoa, akaanza kutoboa sakafu. Alipokaribia kumaliza, askari wakaja kwa nia njema wakamhamishia chumba kizuri zaidi! Kazi yote bure. Akaanza upya kwa kupitisha kile chuma kwa padri mmoja mfungwa wa chumba cha jirani, anaitwa Balbi, amekificha ndani ya Biblia kubwa, juu ya Biblia ameweka sahani ya tambi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1756 wote wawili wakapita darini, wakatoka juu ya paa, wakaingia tena ndani ya jumba kupitia dirisha, na asubuhi mlinzi akawafungulia mlango akidhani ni wageni waliofungiwa kwa bahati mbaya. Wakatoka kwa mlango mkubwa.

PARIS: MCHONGO WENYEWE

Tarehe 5 Januari 1757 Casanova akaingia Paris, hana kitu. Alichokuwa nacho ni mdomo, nguo nzuri na rafiki mmoja mkubwa, de Bernis, ambaye walijuana alipokuwa balozi Venice na mwaka huo huo akawa waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa.

Ufaransa wakati huo iko vitani, vita vile vya miaka saba vilivyoanza 1756. Hazina imekauka. Tena kulikuwa na shule ya kijeshi, École militaire, iliyoanzishwa 1751 ili kusomesha watoto wa mabwana wasio na uwezo. Ndiyo shule ambayo baadaye Napoleon Bonaparte alipita. Shule ilitegemea kodi ya karata za kuchezea, na haikutosha. Msimamizi wake, tajiri mmoja anaitwa Pâris-Duverney, alikuwa anatafuta mamilioni na hajui pa kuyatoa. Wananchi kodi zimewachosha, ukiongeza nyingine unaleta balaa.

Kupitia de Bernis, Casanova akakutana na huyu mzee. Kwa maelezo ya Casanova mwenyewe, hakuwa na wazo lolote la fedha siku hiyo. Lakini mzee alipolia shida ya hela, yeye akajibu kwa kujiamini kwamba ana mpango kichwani wa kumletea mfalme mamilioni bila kodi. Mpango gani? Hakuna! Mzee akamwangalia, akamwambia kwamba anaujua mpango huo, aje kesho. Kesho yake mzee akatoa jalada la karatasi, juu limeandikwa mambo ya bahati nasibu ya namba 90. Casanova hata hakufikiri mara mbili, akakubali kwamba ndiyo huo huo aliokuwa nao kichwani.

Kumbe karatasi zile zilikuwa za ndugu wawili wa Kiitalia, akina Calzabigi. Wao ndio waliofanya hesabu zote lakini wakuu hawakushawishika. Casanova akaungana nao. Wao wana hesabu, yeye ana mdomo. Wabongo tungesema ni kampuni iliyokamilika.

MCHEZO ULIVYOKUWA

Hapa ndipo nawaomba mtulie, maana hii ndiyo sehemu iliyonigharimu 60,000.

Mchezo huo asili yake ni mji wa Genoa. Kule viongozi watano walikuwa wanachaguliwa kwa kura ya bahati kutoka orodha ya majina, na watu wakawa wanabeti ni majina gani yatatoka. Baadaye majina yakaondolewa zikabaki namba. Namba 1 hadi 90 zinawekwa kwenye gurudumu, linazungushwa, mtoto aliyefungwa kitambaa machoni anachomoa namba tano. Basi, mchezo umekwisha.

Mchezaji anaweza kubeti kwa njia tatu. Anachagua namba moja tu, na ikiwemo kati ya zile tano analipwa mara 15 ya hela aliyoweka. Au anachagua namba mbili, zikiwemo zote analipwa mara 270. Au tatu, zikiwemo zote analipwa mara 5,000 na ushee. Hakuna mchezaji anayepingana na mwenzake, kila mtu anapambana na mfalme.

Mara 15 inasikika vizuri sana, sivyo? Haya, chukueni karatasi. Tuseme una hela nyingi, unaweka shilingi 1,000 kwenye kila namba, zote 90. Umetoa 90,000. Namba tano lazima zitoke, kwa hiyo lazima ushinde mara tano, kila moja 15,000. Jumla 75,000. Umeshinda mara tano, umeshangilia mara tano, na umepoteza 15,000!

Twende kwenye namba mbili. Ukizipanga namba 90 mbili mbili unapata jozi 4,005. Weka 1,000 kwenye kila jozi: umetoa 4,005,000. Zile namba tano zinazotoka zinatengeneza jozi 10. Kila jozi 270,000, jumla 2,700,000. Mfalme amebaki na 1,305,000 mkononi.

Tatu ndiyo usiseme. Mipangilio ya tatu tatu ni 117,480 na inayoshinda ni 10 tu, yaani nafasi yako ni moja kati ya 11,748. Anakulipa mara 5,000 na ushee. Yaani hata ungenunua yote, usingerudishiwa hata nusu ya hela yako.

Mmeona siri ilipo? Kadiri zawadi inavyokuwa kubwa ndivyo mwenye mchezo anavyokata kipande kikubwa zaidi. Sisi tunakimbilia kwenye zawadi kubwa kwa sababu ni kubwa, na mwenyewe anatusubiri pale pale. Haibi, hachezi na gurudumu, hana haja. Hesabu inamfanyia kazi mchana na usiku.

Na lile daftari la mjomba? Gurudumu halina kumbukumbu. Namba ambayo haijatoka mwaka mzima inaingia mle ndani sawa na iliyotoka jana. Moja kati ya 18 jana, moja kati ya 18 leo, moja kati ya 18 kesho.

HOFU YA WAKUBWA

Wakubwa wa mfalme waliogopa kitu kimoja: je, siku ya kwanza watu wakishinda sana, hazina italipa na nini? Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, maana katika mchezo huu, watu wengi wakiangukia namba zile zile na zikatoka, mwenye mchezo anaumia siku hiyo.

Casanova akawajibu kwa hoja ambayo mimi mpaka leo naiheshimu na kuiogopa. Aliwaeleza kwamba jambo zuri kuliko yote lingekuwa mfalme apoteze hela nyingi kwenye droo ya kwanza. Kwa nini? Kwa sababu habari za washindi zingeenea nchi nzima, watu wangejazana, na baada ya hapo hesabu ingerudisha kila kitu na faida juu. Fikirini hilo siku nyingine mkiona picha ya mshindi ameshika hundi kubwa kama mlango. Mshindi ni wa kweli, hela ni za kweli. Lakini ile picha ni tangazo, na tangazo linalipiwa na sisi tuliokosa.

Casanova anasema mtaalamu wa hisabati d'Alembert naye aliitwa kuangalia hesabu. Oktoba 1757 amri ya serikali ikatoka, na tarehe 18 Aprili 1758 droo ya kwanza ikachezeshwa Paris.

UPANDE WA PILI WA KAUNTA

Casanova akapewa ofisi sita za kuuzia tiketi. Akauza tano haraka, akabaki na moja mtaa wa Saint-Denis. Akaipamba vizuri, akaweka mtumishi wake kuwa karani, halafu akatangaza kwamba tiketi ya kwake ikishinda inalipwa ndani ya saa 24. Ofisi nyingine mshindi alisubiri wiki. Watu wakafurika kwake! Kila tiketi iliyouzwa alikuwa anakata asilimia yake, mteja ashinde au akose.

Ndani ya muda mfupi akawa tajiri. Nyumba nzuri nje kidogo ya Paris, farasi, magari ya kukokotwa, karamu kila mara. Mtu aliyekuwa anatoboa sakafu ya gereza miaka michache tu iliyopita!

Lakini huyu huyu, akivuka kaunta akakaa na wachezaji, alikuwa mtu mwingine. Kabla hajafungwa kule Venice alikuwa anacheza karata kwa mtindo wa kudublisha: ukikosa 1,000 unaweka 2,000, ukikosa unaweka 4,000, hivyo hivyo ukiamini siku moja utashinda urudishe zote. Mpenzi wake mmoja alimpa dhahabu yake achezee. Siku za kwanza alishinda kweli. Halafu zikaja siku za kukosa mfululizo, na dhahabu yote ya yule dada ikaenda. Pigeni hesabu wenyewe: ukikosa mara 10 mfululizo kuanzia 1,000, umeshapoteza 1,023,000, na unatakiwa uweke 1,024,000 nyingine ili ushinde 1,000. Jambo hili lilinisumbua sana kichwa. Mtu mwenye akili kama hiyo, aliyeijua hesabu kuliko wachezaji wote wa Paris, kamari ilimshinda. Basi mimi na daftari la mjomba ni nani?

KUANGUKA

Hela za bahati nasibu hazikukaa. Alifungua kiwanda cha kupiga chapa vitambaa vya hariri, akaajiri wasichana kama 20, na badala ya kusimamia kiwanda akawa anawasimamia wasichana. Biashara ikafa. Agosti 1759 akakamatwa kwa madeni. Aliyemtoa ni mama mmoja tajiri, Madame d'Urfé, ambaye Casanova alikuwa anamla hela kwa miaka kwa ule ule uganga wake wa namba.

Baada ya hapo ni kutangatanga tu. Alijaribu kuuza wazo la bahati nasibu London, ikashindikana. Berlin mwaka 1764 alimkuta Calzabigi mmoja kaanzisha mchezo ule ule, na mfalme Frederick ameuogopa anataka kujitoa. Alifika mpaka Urusi. Mwaka 1774 akaruhusiwa kurudi Venice, na unajua alipata kazi gani? Mtoa habari wa wale wale waliomfunga. Mwaka 1783 akagombana na wakubwa akaondoka tena.

Na hapa lazima niseme ukweli. Jina lake limegeuzwa sifa, lakini kati ya wanawake wake wengi aliowaandika wamo wasichana wadogo kabisa, mambo ambayo leo ni jela. Simsifu kwa hilo, na wanaojiita Casanova mtaani wakasome kwanza.

Miaka ya mwisho alikuwa mtunza maktaba kwenye ngome ya bwana mmoja huko Dux, sasa ni Duchcov, Jamhuri ya Czech. Mzee, hana meno, watumishi wanamcheka. Akaamua kuandika maisha yake yote kwa Kifaransa, karibu kurasa 3,700. Sehemu kubwa ya niliyowasimulia inatoka humo, kwa hiyo chumvi kidogo ipo, lakini amri ya serikali na tarehe ya droo ni mambo ya kumbukumbu za nchi. Alifariki tarehe 4 Juni 1798. Mwaka 2010 maktaba ya taifa ya Ufaransa ilizinunua karatasi zile kwa zaidi ya yuro milioni 7. Masikini, akiwa hai hakuwa na hata senti ya kuwatunza wale watumishi wamheshimu.

Mchezo wenyewe ulimzidi umri. Wanamapinduzi waliufuta 1793 wakisema unawanyonya maskini, mwaka 1797 hazina ilipokauka ukarudishwa, na ukafungwa 1836. Lakini namba tano kati ya 90 bado zinachezwa Italia mpaka leo, na Ghana ndiyo mchezo wa kila kijiwe.

Juzi nilimwandikia mjomba ile hesabu ya 90,000 na 75,000 kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Aliisoma, akairudia, akasema nimeandika vizuri. Jioni akaniomba salio acheze. Sikumpa. Mama nimeshamrudishia 20,000 kwa kazi za kuchapa barua na kutoa kopi, bado 40,000.

Sisemi watu wasicheze, kila mtu na hela yake. Nasema kabla hujacheza jua umekaa upande gani wa kaunta. Mwenye hesabu nyingine tofauti na yangu karibu hapo chini kwenye maoni, ila aje na karatasi, asije na ndoto.

Nawasilisha.